Zamu Imefika Mtaani: Lucban, Mji wa Wakulima Chini ya Mlima Banahaw

SWALI: Nafanya kazi katika jiko la hoteli moja mjini Muscat pamoja na dada mmoja kutoka Ufilipino. Kwao ni Lucban, mji ambao anasema ni wa wakulima. Mwaka huu alituma nyumbani karibu akiba yake yote ya miezi mitatu ili nyumba ya wazazi wake ipambwe kwa mazao na kwa vipande vya rangi vilivyotengenezwa kwa mchele. Nilipomuuliza sababu alijibu tu kwamba "zamu imefika mtaani kwetu". Mimi ni mtoto wa mkulima wa mpunga wa Mbarali, najua fedha ya mkulima inavyotoka jasho. Naomba unieleze mji huu ulianzaje, watu wake wanaishije pamoja, na kwa nini watumie kiasi hicho kwa siku moja.

JIBU: Ndugu yangu, umefanya vizuri kulikumbuka neno alilolisema mwenzako, kwa sababu ndani ya hiyo "zamu" mna sehemu kubwa ya jibu. Kila tarehe 15 Mei, sikukuu ya Mtakatifu Isidro Mkulima, sanamu ya mtakatifu huyo hutolewa kanisani Lucban ikapitishwa mitaani kwa maandamano ya sala, na nyumba zilizo kando ya njia hiyo hupambwa kwa mazao tangu madirishani hadi barazani. Njia yenyewe haiwi ile ile kila mwaka. Mwaka mmoja hupita mitaa hii, mwaka unaofuata hupita mingine, hata familia ikaweza kukaa miaka kadhaa ikiwa mgeni wa wenzake, kisha siku ikawadia ambapo yenyewe ndiyo inayotazamwa na kutembelewa. Watu wa nyumba ya mwenzako wamekula katika nyumba za majirani miaka yote hiyo, na sasa wakati wao wa kukaribisha umefika. Ukiitazama fedha aliyoituma kwa jicho hilo, utaona kwamba inakaribia zaidi kulipa deni kuliko kufanya anasa. Namna mji mzima ulivyofika hapo ni habari ndefu, na sharti nianze mbali kidogo.

Lucban iko katika mkoa wa Quezon, kusini-mashariki ya Manila, kwenye mteremko wa mlima Banahaw, volkano ambayo kilele chake kinazidi mita 2,100. Mvua ni nyingi, hewa ni ya baridi kuliko pwani, na vijito vinavyoshuka mlimani huingizwa katika majaruba ya mpunga bila kuhitaji pampu. Jina lenyewe ni la tunda: katika Kitagalogi, lugha ya wenyeji wa huko, lukban ni aina ya balungi kubwa. Sensa ya mwaka 2020 ilihesabu watu zaidi kidogo ya 53,000, wanaoishi katika vitongoji 32 ambavyo huko huitwa barangay.

Neno hilo barangay ni la zamani kuliko mji. Padre Juan de Plasencia, mtawa wa Kifransiskani aliyefanya kazi katika nchi za Laguna na Tayabas (ndilo jina la zamani la mkoa wa Quezon), aliandika mwaka 1589 kwamba Watagalogi waliishi katika makundi yaliyoitwa kwa jina la chombo cha baharini, kwa kuwa wazee wao walifika kwa vyombo hivyo wakiwa jamaa wa chombo kimoja chini ya nahodha mmoja aliyeendelea kuwa mkuu wao nchi kavu. Kundi moja lilikuwa na nyumba kama 100, na pengine chini ya 30. Haikuwepo miji kwa maana ya Kihispania. Watu walikaa kwa kutawanyika kando ya mito na mashamba, na mkuu wao, datu, alikuwa na nguvu kwa kadiri ya watu waliomfuata na kumwia deni la msaada.

Wafransiskani walifika mwishoni mwa miaka ya 1570 wakakuta mtawanyiko huo ni kikwazo kwa ubatizo na kwa kodi pia. Kote nchini, serikali ya Kihispania ilifuata sera ya kuwakusanya watu katika miji mipya, na msemo wa wakati ule ulikuwa kwamba Mkristo aishi mahali anapoweza kuisikia kengele ya kanisa. Ramani ya miji hiyo ilikuwa moja: uwanja katikati, kanisa upande mmoja, jengo la serikali upande mwingine, nyumba za wenye uwezo kuzunguka uwanja, kisha za wakulima, kisha mashamba. Lucban ikawa parokia mwaka 1595. Kanisa lake la kwanza halikudumu, lililofuata liliungua mwaka 1733, na jengo la mawe unaloweza kuliona leo lilikamilika mwaka 1738. Ninyi wa vijiji vya Tanzania mtaielewa hali hiyo haraka, kwa kuwa wazee wenu wanakumbuka operesheni ya vijiji ya miaka ya 1970. Makusudi hayakuwa sawa, ila jambo la kuhamishwa kutoka shambani kwako na kupangwa kwenye mstari pamoja na watu usiowachagua linafanana.

Wakuu wa zamani hawakuondolewa. Walifanywa kuwa wakusanyaji wa kodi, kila mmoja juu ya barangay yake, na kutoka miongoni mwao akachaguliwa mkuu wa mji mzima. Mkulima wa kawaida alidaiwa ushuru wa kila mwaka, na wanaume wenye umri wa miaka 16 hadi 60 walidaiwa siku 40 za kazi ya lazima kwa mwaka, katika barabara, madaraja, kukata mbao na kujenga makanisa hayo hayo tunayoyasifu leo. Siku hizo zilipunguzwa kuwa 15 mwaka 1884 tu. Ukisimama mbele ya kuta nene za kanisa la Lucban ni haki ukumbuke mikono iliyozibeba.

Hapa sina budi kukaa kidogo na mwana wa Lucban ambaye kila mtoto wa shule wa mkoa ule anamjua. Apolinario de la Cruz, aliyeitwa Hermano Pule, yaani Ndugu Pule, alizaliwa katika familia ya wakulima wa mji huu. Akiwa kijana alikwenda Manila akitaka kuwa mtawa, akakataliwa kwa sababu alikuwa mwenyeji, maana mashirika ya watawa hayakuwapokea watu wa nchi. Akabaki kuwa ndugu mtumishi katika hospitali ya San Juan de Dios, na mwaka 1832 yeye na wenzake wachache wakaanzisha chama cha sala cha Mtakatifu Yosefu. Wanachama walikuwa wakulima wa Lucban, Tayabas, Laguna na Batangas, waliokutana tarehe 19 ya kila mwezi, wakatoa mchango mdogo na kusoma pamoja barua ambazo Pule aliwaandikia kutoka Manila. Wahispania na machotara hawakuruhusiwa kuingia ila kwa idhini yake. Tazama jinsi jambo lilivyogeuzwa: aliyekataliwa mlangoni alijenga nyumba yake na kuweka mlango wake.

Chama kiliomba kutambuliwa kisheria, na kanisa na serikali wakakikatalia. Mwezi Oktoba 1841 gavana wa Tayabas, Joaquín Ortega, aliwashambulia wanachama waliokuwa wamekusanyika, akauawa vitani. Majeshi makubwa zaidi yakaletwa, na tarehe 1 Novemba kambi ya wakulima huko Alitao ilivunjwa kwa mauaji ya mamia ya watu, wanawake wakiwa miongoni mwao. Pule alikamatwa, na tarehe 4 Novemba 1841 alipigwa risasi mjini Tayabas akiwa hajatimiza miaka 30. Mwili wake ulikatwa vipande, na kichwa kikawekwa juu ya mti kando ya barabara ili wakulima wapitao wakione. Waliosalimika walipanda mlima Banahaw kuendelea na ibada zao, na mpaka leo mlima huo una vikundi vya dini vinavyouhesabu kuwa mtakatifu. Nakueleza haya kwa sababu watu wengi hudhani mji kama huu ulipokea tu kila kilicholetwa na Wahispania. Wakulima wa Lucban waliichukua dini ile kwa moyo wote, wakaitaka iwe yao, na walipoambiwa haiwezi kuwa yao walikufa kwa ajili ya kuisali.

Nitapita kwa haraka enzi ya Wamarekani iliyoanza baada ya 1898, na miaka ya Wajapani kati ya 1942 na 1945, si kwa kuwa haikuwa na uzito, bali kwa kuwa jambo lililoigusa siku ya mkulima kwa muda mrefu zaidi lilikuwa ni ardhi. Mkoa wa Tayabas, uliobadilishwa jina mwaka 1946 kumkumbuka rais Manuel L. Quezon, ni nchi ya minazi. Mkulima asiye na shamba alilima kwa kugawana mavuno na mwenye ardhi, na katika minazi mgawo uliozoeleka ulikuwa theluthi mbili za mbata kwa mwenye shamba na theluthi moja kwa aliyekwea, aliyefua na aliyekausha. Sheria ya mageuzi ya ardhi ya Oktoba 1972 iliwahusu wakulima wa mpunga na mahindi peke yao. Wa minazi walisubiri mpaka sheria ya Juni 1988. Wakati huo huo, kuanzia miaka ya 1970, serikali ya Ferdinand Marcos iliwakata wakulima hao tozo kwa kila kiasi cha mbata walichouza, ikisema ni kwa maendeleo yao, na fedha hizo zikaishia katika mikono ya watu wa karibu na rais. Ilichukua hadi mwaka 2021 kutungwa sheria ya mfuko wa kuwarudishia wakulima manufaa ya fedha hizo, na wengi wa waliokatwa walikuwa wamekwisha kufa. Kwa hiyo unaposema unajua fedha ya mkulima inavyopatikana, mwenzako naye anajua.

Sasa tuje kwenye maisha ya pamoja. Mkulima ambaye hana benki, hana bima, na mgawo wake ni theluthi, huweka akiba yake mahali pamoja tu: kwa majirani. Watagalogi wana desturi iitwayo suyuan. Mtu mwenye shamba la kulimwa huwaita wenzake, kila mmoja akaja na jembe lake na nyati wake wa kufugwa, jaruba likalimwa kwa asubuhi moja, na mwenye shamba akawapikia. Hakuna anayelipwa fedha, lakini kila aliyekuja anadai siku moja, na siku hiyo italipwa kwa siku, nyati kwa nyati. Ni ujima ule ule tuujuao. Pawatila na vibarua wa kulipwa vimeipunguza sana desturi hii, ila haijafutika katika fikra za watu. Jina linalojulikana zaidi duniani ni bayanihan, kutoka bayan, mji au jamii, na picha yake ni ya wanaume wanaoingiza mianzi chini ya nyumba nyepesi ya mbao na makuti, wakainyanyua mabegani nzima nzima na kuihamishia kiwanja kingine huku mwenye nyumba akitayarisha chakula.

Msiba ndio unaoonyesha mambo haya wazi zaidi. Maiti hukesha nyumbani siku kadhaa, na usiku wote pana watu, kahawa, karata na mazungumzo, kwa sababu si vyema wafiwa waachwe peke yao hata saa moja. Kila anayekuja huacha mchango wake, abuloy, ambao ni rambirambi kwa maana yetu kamili. Baada ya mazishi hufuata novena ya siku tisa, kisha arubaini, kisha mwaka unapotimia familia huvua nguo za maombolezo. Sijui mahali pengine mbali na pwani yetu ambapo kalenda ya matanga ingemfanya Mswahili ajione yuko nyumbani kiasi hicho.

Kisha kuna undugu wa kuutengeneza kwa makusudi. Mtoto akibatizwa, wasimamizi wake wa ubatizo huwa wazazi wa pili kwake, na wao na wazazi wenyewe huanza kuitana kumpare na kumare. Familia masikini huweza kumwomba mwenye ardhi awe msimamizi, na hapo deni la mgawo hupata sura ya undugu. Wapo wasomi wanaoliona jambo hili kuwa kinga ya mnyonge, wapo wanaoliona kuwa kamba ya kumfunga, na mimi naamini limekuwa yote mawili, kwa kutegemea moyo wa mwenye ardhi na idadi ya njia nyingine alizokuwa nazo mkulima. Heshima kwa wakubwa nayo ni ya kila siku: mdogo huuchukua mkono wa mzee akauweka kwenye paji la uso wake, na katika kila sentensi huongeza neno po. Mwambie mwenzako habari ya shikamoo, ataielewa bila mkalimani.

Ugomvi wa mipaka, maji ya kumwagilia, kuku na madeni haukimbilii mahakamani. Tangu sheria ya 1978, iliyoingizwa baadaye katika Sheria ya Serikali za Mitaa ya 1991, kesi nyingi ndogo kati ya wakazi wa mji mmoja lazima zipite kwanza mbele ya mkuu wa barangay na baraza la wasuluhishi, na hakimu huweza kuikataa kesi isiyopitia huko. Hivyo lile kundi la chombo aliloliandika Plasencia limerudi kuwa ngazi ya chini kabisa ya serikali, likiwa na mkuu wa kuchaguliwa kwa kura.

Turudi kwenye tarehe 15 Mei. Jambo la kwanza la kuangalia ni kwamba Isidro si msimamizi wa parokia ya Lucban. Msimamizi ni Mtakatifu Luis wa Toulouse, mwana wa mfalme aliyekuwa askofu, na sikukuu yake ni tarehe 19 Agosti. Isidro alikuwa kibarua wa shamba la mtu mwingine karibu na Madrid katika karne ya 12, aliyetangazwa mtakatifu mwaka 1622, na masimulizi yanasema kwamba bwana wake alipokuja kumkamata kwa kuchelewa kazini kwa sababu ya sala, aliwakuta malaika wakimlimia. Siwezi kustaajabu kwamba wakulima wa theluthi moja walimpenda zaidi huyo kuliko askofu.

Zamani walipeleka mazao ya mavuno kanisani yabarikiwe. Inasimuliwa kwamba mazao yalipozidi nafasi, ikawa kila nyumba itandaze ya kwake mlangoni, na padre apite akibariki. Hapo ndipo ilipotoka Pahiyas, jina la sherehe hii, neno linalohusu kupamba. Miganda ya mpunga, mabiringanya, maboga, nazi, ndizi na kofia za ukili hutundikwa ukutani. Kofia hizo zina haki ya kuwa pale, kwa kuwa kusuka majani ya mtende wa buri ni kazi ya mikono iliyoilisha miji hii miezi ambayo shamba halitoi kitu. Vile vipande vya rangi alivyokuambia ni kiping. Mchele hulowekwa na kusagwa uwe uji mzito, hutiwa rangi, hupakwa juu ya jani bichi lenye mishipa iliyo wazi, likapitishwa kwenye mvuke. Ukikauka hubanduliwa kwa uangalifu, na ule mkate mwembamba kama karatasi hubaki na mishipa yote ya jani. Huwekwa chini ya kitu kizito unyooke, kisha mamia ya vipande hushonwa pamoja kuwa taa kubwa za kuning'inia na maua yanayofunika ukuta mzima. Kazi hiyo huanza majuma mengi kabla, na hakuna familia inayoimaliza peke yake. Binamu, majirani na kumare huketi ukumbini usiku wakipaka na kubandua, na nadhani katika usiku hizo ndipo sherehe yenyewe hasa hufanyika, kabla ya mgeni yeyote kufika.

Siku yenyewe milango huwa wazi. Hata mtu asiyejulikana huitwa ndani ale tambi za pancit habhab, zinazotolewa juu ya jani la mgomba na kuliwa kwa kulipeleka jani mdomoni bila uma, pamoja na soseji za nguruwe zenye kitunguu saumu kingi ambazo Lucban inajulikana kwazo. Maandamano yakishapita, mapambo hugawanywa: mboga kwa majirani na watoto, na kiping hukaangwa au kuchomwa ikaliwa. Hili lijibu wasiwasi wako wa mtoto wa mkulima, kwamba chakula hakitupwi. Watu wa miji jirani ya Tayabas na Sariaya nao huadhimisha siku hiyo hiyo kwa namna zao.

Tangu miaka ya 1960 mji umeitangaza Pahiyas kwa wageni wa nje, na leo huja watu wengi sana kuliko wenyeji, pakiwa na mashindano na zawadi kwa nyumba iliyopambwa vizuri. Hapo nina shaka zangu. Zawadi humshawishi mwenye fedha kununua mapambo badala ya kuyalima, na mkulima wa barangay ya mbali mlimani, ambako maandamano hayafiki, huweza kuwa mletaji wa mboga za kupambia nyumba za wengine. Na kilimo chenyewe kinazidi kubanwa. Los Baños, upande wa pili wa milima hiyo, ndiko iliko Taasisi ya Kimataifa ya Utafiti wa Mpunga iliyoanzishwa mwaka 1960, ambayo mwaka 1966 ilitoa mbegu ya IR8 iliyobadilisha mavuno ya Asia na ambayo baadaye ilifungua kazi hata Burundi. Lakini mbegu bora haikumwondolea mkulima gharama ya mbolea, na tangu sheria ya Februari 2019 iliyofungua mlango kwa mchele wa nje kwa kulipa ushuru tu, bei ya mpunga wake hupambana na wa Vietnam na Thailand. Vijana wa Lucban husoma katika chuo kikuu cha serikali kilichomo humo humo mjini, kisha huenda Manila, Riyadh, Dubai, au Muscat kwenye jiko mnalofanya kazi pamoja.

Kwa hiyo suyuan ya siku hizi imebadilika umbo. Aliye mbali hawezi kuleta nyati wala kukaa usiku akibandua kiping, na mshahara ndio mkono wake uliobaki. Ukitaka kumfurahisha, mwulize kwao wanatumia majani ya mti gani kupakia mchele, maana kila nyumba ina mti wake inaousifu, na mwombe akuonyeshe picha za ukuta wao kabla majirani hawajaanza kubeba maboga.